Kishkwambi na Tairi la Akiba

Sheria ni msumeno, na mwaka huu ulimkata Respicius, mkuu wetu wa TEHAMA pale wizarani Mtumba. Nasema hivyo kwa furaha, Mungu anisamehe.

Zahanati za Busi, kule Kondoa, zilikuwa zinasubiri vishkwambi kumi na viwili vya kuandikishia wagonjwa. Respicius ndiye aliyeandika vigezo vya zabuni. Wiki hiyohiyo alikuwa anakaimu usafirishaji, kwa hiyo alikuwa anaandika pia vigezo vya magari mapya ya wizara. Akafanya kama wafanyavyo wengi ofisini: akachota maneno huku akayamwaga kule, akaenda kunywa chai. Zabuni ya vishkwambi ikatangazwa ikiwa na kigezo hiki: "Kila chombo kiwe na tairi jipya la akiba pamoja na rimu yake."

Hakuna aliyeuliza. Makampuni makubwa yalijaza "haihusiki" yakasonga mbele. Mzabuni mmoja tu, kijana anayeitwa Ambokile, mwenye duka dogo la kompyuta mjini, alikikubali kigezo kile na kukiwekea bei. Sasa, zabuni zikishafunguliwa kigezo hakibadilishwi, hata kiwe cha ajabu namna gani. Waliokikataa wakaanguka wote. Ambokile akashinda, na bei yake bado ilikuwa nzuri.

Mimi Rukia ni katibu wa kamati ya mapokezi, kwa hiyo nilikuwapo siku alipoleta mzigo. Alishusha maboksi, kisha akaanza kuvingirisha matairi. Ofisi nzima ikatoka kuona. Walinzi walicheka mpaka wakakaa chini.

"Kaka, wewe hukushangaa?" nikamuuliza.

"Nilishangaa, dada. Lakini serikali ikisema inataka, mimi nani nibishe?"

Respicius hakucheka. Alinivuta pembeni. "Mzigo huu haupokelewi. Mkaguzi akiona kishkwambi chenye tairi, nitakuwa kichekesho mpaka nistaafu. Tufute, tutangaze upya."

Damu ikanichemka. Juni ilikuwa ukingoni, na kufuta maana yake fedha zirudi Hazina, Busi wasubiri mwaka mwingine. Mimi ni mzaliwa wa Kondoa. Namjua Anastazia, muuguzi wa Busi, jinsi anavyopekua madaftari yaliyoliwa na mchwa huku mama mjamzito anaugulia kwenye benchi. Wote hao wateseke kwa sababu bosi anaona aibu?

"Vigezo vyote vimetimia, bosi. Unakataa kwa lipi?"

"Nitasaini nikiviona vinafanya kazi Busi kwenyewe," akajibu, akijua gari la wizara halipatikani kirahisi.

Kesho yake gari nilikuwa nalo. Hanijui huyu. Tukaondoka na Respicius katika moja ya yale magari mapya, Zablon akiendesha, Ambokile akitufuata na pikapu yenye mzigo wote.

Tulipoingia Busi tu, tairi la nyuma likapasuka. Zablon akazunguka nyuma ya gari, akarudi mikono mitupu.

"Bosi, hili halina spea. Yote kumi na mawili yalikuja hivi."

"Haiwezekani! Vigezo vya magari niliandika mwenyewe, na tairi la akiba nili..."

Nilimwona usoni akielewa polepole. Ile sentensi hakuinakili. Aliikata kwenye zabuni ya magari, akaibandika kwenye ya vishkwambi.

Ambokile alishafika akivingirisha tairi. "Hili linaingia, mzee. Saizi ni ileile."

"Rudisha kwenye pikapu," nikasema. "Mali ambayo haijapokelewa haitumiki. Ndiyo kanuni."

"Rukia, tuko porini!"

"Tuko Busi, bosi. Ulisema utasaini Busi."

Zablon akageukia upande wa pili, mabega yakimtikisika. Ambokile akapanga vishkwambi juu ya boneti, akaviwasha kimoja kimoja. Vyote vikawaka na mtandao ukashika. Respicius akachukua kimoja kumwandikisha mgonjwa wa kujaribia. Penye jina akaandika lake. Penye tatizo akaandika "aibu". Akaitazama ile skrini, kisha akaanza kucheka, akacheka hadi machozi yakamtoka, akasaini palepale juu ya boneti. Ndipo Zablon akafunga lile tairi.

Zahanati walitupokea kwa vigelegele. Anastazia hakungoja hata hotuba. Alianza na mtoto aliyezaliwa asubuhi ile, akabonyeza herufi moja moja huku mama yake akimtajia jina. Nililia, sifichi.

Matairi kumi na moja yaliyobaki yalikwenda kwenye magari kumi na moja yasiyo na spea. Kila moja lina namba ya usajili ya kifaa cha TEHAMA, maana ndivyo lilivyonunuliwa.

Mkaguzi alipokuja, alizunguka nyuma ya gari, akainama, akaisoma ile namba mara mbili. Akaja ofisini amekunja uso, kalamu mkononi. Nilitaka kujibu mimi, lakini Respicius alishainuka akamvutia kiti.

"Kaa kwanza," akamwambia, tayari anacheka. "Kaa nikuhadithie."