Kitambaa cha Mjomba

Nina pua kali. Kazi yangu ni udobi: nguo ikishawekwa mezani, kabla mwenyewe hajafungua kinywa, nimeshajua kama lile doa ni mchuzi, grisi au aibu ya mtu mzima. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nilijidekeza. Gari lile lilinuka.

Tulikuwa tunakwenda kwa wifi yangu, mwendo wa saa sita, kumpelekea mama mkwe paka wake. Mama alivunjika nyonga, akahamishiwa kwa binti yake, na huu ulikuwa mwezi wa pili hajakanyaga chini. Daktari alishasema asipoanza kutembea sasa, hatatembea tena. Mama hakutaka kusikia. Katika vyote alivyoacha nyumbani kwake hakuagiza hata shuka. Alimpigia mume wangu simu akamwambia aletewe paka, na siku atakapomwona, atasimama.

Paka mwenyewe aliitwa Mjomba, kwa sababu alifika siku moja bila kualikwa, akala, akalala, na kuondoka hakuondoka. Dume la kijivu, sikio limeraruka, macho yamejaa tongotongo. Tulimtia kwenye katoni, juu ya kitambaa kizito cha mama ambacho paka alizoea kulalia, tukamweka kiti cha nyuma katikati ya watoto.

Saa moja haikuisha, Mjomba akaharisha. Sisemi alichafua kidogo. Ulikuwa uharo wa manjano, mwepesi kama uji, ukalowesha katoni ukashuka hadi kwenye kiti. Mwanangu mkubwa ana miaka tisa, na gari humchefua hata likiwa limeegeshwa. Alinusa mara moja tu, akatapika mapajani mwake. Mdogo wake wa miaka sita, tunayemwita Kasuku kwa vile mdomo wake haujui likizo, akatangaza kwamba kwenye matapishi kuna punje za mahindi, na akaanza kuzihesabu.

Tulifungua madirisha. Vumbi likaingia, likaganda juu ya ule unyevu. Mate ya chumvi yalinijaa mdomoni, yale yanayotangulia tumbo kupinduka, nikayameza, yakarudi. Paka analia, mtoto analia, na mume wangu anaendesha huku kola ya shati ameivuta mpaka puani. Namjua. Si mtu mbaya, ila tatizo likimfika mkononi hutafuta mahali pa kulitua, si namna ya kulimaliza.

Kwenye kituo cha mafuta aliegesha nyuma kabisa, penye pipa la taka. Aliwatuma watoto msalani. Kisha akashusha katoni, akaiinamisha, Mjomba akatoka taratibu, akakaa kwenye sakafu yenye mafuta na kuanza kujilamba.

"Tutasema aliruka dirishani," mume wangu alisema bila kunitazama. "Huyu mzururaji tangu zamani. Atajitafutia."

Nilimfikiria mama na ile nyonga yake. Neno la kukataa lilikuwa ulimini kabisa. Halafu nikavuta pumzi, na ilikuwa pumzi ya kwanza safi tangu asubuhi.

Badala ya kusema, nikafanya kazi. Sisafiri bila siki na sabuni ya maji. Nilisugua kiti, nikasuuza, nikasugua tena, nikambadilisha mkubwa nguo. Katoni niliitupa pipani. Kitambaa cha mama sikuweza kukitupa, na kukiacha na uchafu ule pia sikuweza, mkono wa dobi haujui kuacha doa. Nilikifua bombani, nikakikamua, nikakitandaza nyuma ya kiti kipate upepo.

Kasuku alirudi akauliza Mjomba yuko wapi. Baba yake akamwambia ameruka dirishani. Kasuku akasema mbona anamwona pale kwenye pipa. Basi mume wangu akachuchumaa mbele yake, akamweleza kwa upole kwamba bibi ataumia akijua, kwa hiyo sote tutasema aliruka njiani, na anayejua kutunza siri atanunuliwa soda. Soda ilinunuliwa pale pale. Mkubwa hakuitaka ya kwake.

Tulipofika, wifi yangu alitwambia mama ameomba kukalishwa tangu saa nne. Tulimkuta ukingoni mwa kitanda, nywele zimechanwa, miguu iko sakafuni ndani ya ndala mpya. Gongo la kutembelea lilikuwa mkononi tayari. Alichungulia nyuma yetu, akaendelea kuchungulia.

Mume wangu akasema. Alisema vibaya, kwa kigugumizi, na mama akamuuliza ni dirisha lipi. Hapo Kasuku akaingilia kati.

"Bibi, mimi nilimwona. Aliruka, akageuka akatuangalia, halafu akakimbilia porini. Nililia sana."

Aliyasema bila kupepesa jicho, na chumvi akaitia mwenyewe. Nilihisi kinyaa kikubwa kuliko cha garini, na safari hii hapakuwa na dirisha la kufungua. Mama alimpapasa kichwa. Alikuwa ameanza kuamini.

Ndipo wifi yangu akaingia na vitu vyetu alivyovitoa garini: begi, viatu vya mtoto, na kile kitambaa. Mama alikipokea. Alikiminya kati ya vidole, akakinusa.

"Kibichi," alisema. "Mkwe wangu, paka ameruka gari likiwa mbioni. Hiki ulikifua saa ngapi?"

Mimi ninayejua kila doa linatokana na nini niliinama nikaanza kupanga viatu vya mtoto. Mume wangu aliangalia ukuta. Mama alikikunja kitambaa mara mbili, akakiweka kando.

"Na mimi nikianza kunuka," akauliza, "mtaniteremsha wapi?"

Hakupandisha sauti. Alimpa binti yake gongo. Akaushika mguu mmoja kwa mikono miwili, akaupandisha kitandani, kisha wa pili, akalala akitugeuzia mgongo. Ndala zikabaki sakafuni.

Kasuku alinivuta gauni, akaninong'oneza sikioni, pumzi yake bado ina utamu wa soda.

"Mama, nilisema vizuri?"