Chai ya Mama Mkwe

Mimi nikikupa kitu, unapokea. Ndivyo nilivyolelewa kwetu Tinde na ndivyo nilivyowalea wanangu. Mtu akikataa chakula changu namnunia wiki nzima, na watu wangu wote wanajua. Nalitaja hili mapema kwa sababu nusura lituzikishe mtu.

Nina banda la chakula machimboni, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Katoro. Wali maharage, ugali maharage, chapati maharage. Nyama ni siku ambayo wachimbaji wamepata dhahabu. Na kila sahani inakwenda na kikombe cha chai ya rangi, nzito, ya tangawizi, bure. Mabanda mengine chai wanauza. Mimi natoa, na ndiyo maana benchi zangu hazikai tupu.

Mwezi wa sita mwanangu Ngusa alinipigia simu kutoka Isaka, anakopakua mizigo ya malori. Mke wake, Asteria, alikuwa na mimba ya miezi minne, na yeye Ngusa hashindi nyumbani. Akaniomba nikae naye. Nikamwambia amlete hata kesho. Mimba ya kwanza Asteria alijifungua akavuja damu mpaka akazimia, na mtoto hakukaa. Mashuka yale niliyafua mimi. Sikutaka kuyafua tena.

Nikampeleka zahanati. Nesi Dorah akamtoboa kidole, akasoma mashine, akaandika kwenye kadi. Kisha akanivuta pembeni.

"Mama Ngusa, damu ni nane nukta mbili. Akivuja tena kama ile mara ya kwanza akiwa na damu hii, tunaweza kumpoteza. Nataka afike kumi na moja kabla ya kujifungua. Vidonge kila siku, na chakula. Dagaa, mboga za majani, maharage."

Niliposikia maharage nilicheka. "Nesi, hapo umefika kwenyewe."

Basi nikamlisha. Sahani ya kwanza kwenye sufuria yangu ilikuwa yake, mchana na jioni, maharage yamejaa hadi yanamwagika pembeni. Vidonge vilimtia kichefuchefu, alisema vinanuka misumari, nikamwambia avisukume na chai. Akimaliza kikombe namjazia kingine. Na Asteria ana adabu za kizamani, zile zilizokwisha mijini. Hanitazami machoni. Ananiita mayu, mama kwa Kisukuma, na jibu lake ni moja tu: "Ehe, mayu." Ninachompa anakipokea kwa mikono miwili, amepiga goti, na tumbo lile. Nilikuwa namtangaza kwa majirani wote.

Baada ya mwezi tukarudi. Nane kamili. Badala ya kupanda, imeshuka.

"Mashine yako imechoka," nikamwambia Dorah.

Akanishika kidole akanitoboa na mimi. Kumi na mbili na nusu. Moyoni nilikuwa nawaka.

Nilijua kinachoendelea, au nilidhani najua. Kina mama wenye mimba huku wanatafuna pemba, vile vipande vya udongo vinavyouzwa sokoni, na kila mtu anajua udongo unamaliza damu. Tulipofika nyumbani nikachukua begi la Asteria nikalimwaga chini uani, majirani wanaona. "Nakulisha kama ng'ombe wa mnada, halafu unanilia udongo kwa siri?"

Kwenye begi vilitoka vitenge viwili, kadi ya kliniki, mafuta ya kupaka, na soksi za mtoto, pea moja, bado zina uzi wa dukani. Za yule wa kwanza. Asteria akapiga magoti akaanza kukunja vitu vyake kimoja kimoja.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Lakini mdomo wangu haujui kusema pole. Nikampakulia maharage zaidi ya jana na kumjazia chai hadi juu. Pole yangu ndivyo ilivyo.

Alhamisi ya wiki ile Dorah alikuja kula bandani, kama anavyofanya siku za kliniki ya watoto. Nikampa wali wake. Nikampa Asteria sahani yake, kidonge kiganjani, na kikombe kinachofuka moshi.

Dorah akaweka kijiko chini. "Mama Ngusa, hicho ni nini?"

"Chai. Hujawahi kuiona?"

"Anakunywa na maharage? Na kidonge?"

"Kila siku, mara mbili. Bila chai vidonge vinamrudia."

Akajishika kichwa. Akanieleza polepole, huku wateja wananyoosha shingo. Kwenye maharage kuna madini ya chuma, ndiyo yanayotengeneza damu, lakini yamejificha na hayatoki kirahisi. Majani ya chai yanayakamata tumboni kabla hayajaingia mwilini, yanatoka nayo. Limao, embe, ubuyu, hivyo vinayafungua. Chai isubiri saa moja, hata zaidi.

"Mbona mimi nainywa tangu nizaliwe?" nikamwuliza.

"Wewe huna mimba, mama, na hedhi umeshaiaga."

Mabula, fundi wa karasha, mashine ya kusaga mawe, akadakia akiwa na tonge mdomoni. "Mbona rahisi, Mama Ngusa. Jiwe lina dhahabu, ila ukikosea kuosha, dhahabu yote inakwenda na maji."

Ningemrushia mwiko. Lakini Dorah alikuwa bado hajamaliza. "Na hili somo nililitoa siku ile ya kwanza, kwenye benchi, kina mama wote wakiwepo. Asteria alikuwepo."

Nikamgeukia. "Ulijua?"

"Ehe, mayu."

"Kwa nini hukusema?"

Aliangalia kikombe, si mimi. "Ulinimiminia mwenyewe, mayu. Ningekataaje?"

Hasira ilinipanda. Kwanza nilimkasirikia Dorah kwa kuniumbua mbele ya wateja, kisha Asteria kwa huo ujinga wa adabu, kisha nikakumbuka nani alikuwa anausifia ujinga huo mtaa mzima. Mwezi mzima na zaidi mtoto wa watu alikuwa anakunywa kitu anachojua kinammaliza, kwa kuniogopa mimi. Nilikwenda nyuma ya banda nikajifanya napuliza mkaa.

Kesho yake nikaanza upya. Maharage nililoweka tangu jana yake, nikamwaga maji yale, nikapika kwa maji mapya na nyanya. Juu ya sahani ya Asteria nikakamua limao zima. Kidonge akakimeza kwa maji ya ubuyu, na kichefuchefu kikapungua. Na kina mama wanaoponda mawe, ambao viganja vyao ni vyeupe kama vya Asteria kwa kukosa damu, nikawapa ubuyu badala ya chai. Walilalamika, wakazoea. Wanaume niliwaachia chai yao.

Lililobaki lilikuwa Asteria mwenyewe. Nikamkalisha. "Siku nikijisahau nikakupa chai na chakula, ukatae. Umesikia?"

"Ehe, mayu."

Nikamjaribu hapo hapo. Nikamimina kikombe nikampa. Akapiga goti akakipokea kwa mikono miwili.

"Asteria! Si nimesema ukatae?"

"Ehe, mayu," akasema, amekishika, hajui akiweke wapi. Mabula alicheka hadi akapaliwa. Tangu siku hiyo chupa ya chai nikawa naificha kila Asteria akikaa kula.

Mwezi uliofuata, tisa nukta mbili. Uliofuata tena, kumi na nne. Namaanisha kumi nukta nne. Mimi ndiye niliyesoma vibaya na kupiga kigelegele pale zahanati. Dorah akasema bado kidogo, akamwandikia akajifungulie hospitali kubwa, Geita mjini.

Alivuja damu tena. Nilisikia kina nesi wakikimbia nyuma ya mlango, nikakaa korido nimeshika begi lake, siwezi hata kusali. Baadaye daktari akatoka, akaniambia wameizuia. Akasema angekuja na ile nane iliyoandikwa kwenye kadi, tungekuwa tunazungumza mengine. Na mtoto ni wa kike.

Asubuhi nikaja wodini na kikapu. Maharage, limao, na kwa furaha nikachemsha na chai, maana mzazi haletewi chakula kikavu. Asteria alikuwa amejiegemeza ukutani, mtoto kifuani amevaa zile soksi. Nikamwekea sahani kando yake. Nikamimina kikombe, nikamnyooshea.

Mikono yake haikutoka kwa mtoto.

"Hapana, mayu." Alinitazama machoni. "Weka hapo. Nitakunywa nikishamaliza kula, saa moja ipite."

Mama wa kitanda cha pili aliacha kutafuna. Wote pale walikuwa wananisubiri mimi. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikakinywa kikombe kile mwenyewe, machozi yananitoka, na sikumnunia hata kidogo.