Uso wa Koko Unatangulia Beni

Chupa ilifika Vulamba, mtaa wa Butembo, ikiwa imeviringishwa ndani ya kitenge kipya. Élise alipoifungua aliinusa, akaisogeza mbali, hata bibi yake, Koko Adèle, akaacha kuchambua maharagwe.

"Nini iko mu kitenge, mutoto wangu?"

"Fond de teint, Koko. Ya kupaka ku uso. Ya Wakorea." Akaigeuza kwenye mwanga. Ndani mlikuwa na rangi nzito ya majimaji, na maandishi ya nje yalikuwa kama vijumba na viduara vilivyopangwa mstari. "Ni wifi Joyeuse ametuma. Anasema nipake siku ya ndoa."

Joyeuse alikuwa dada mkubwa wa Ésaïe, kijana anayenunua kakao huko Beni, ambaye Élise alikuwa karibu kufunga naye ndoa. Joyeuse mwenyewe aliendesha duka la nguo, na wafanyabiashara waliokuwa wakisafiri Asia walimletea vitu vizuri. Mtu mwingine angeipokea zawadi hiyo kwa vigelegele. Lakini mashavu ya Élise yalikuwa na alama nyeusi za chunusi, na ngozi yake ilitoa mafuta asubuhi hadi jioni. Ilikuwa ngozi ileile ya Koko. Waliowaona pamoja walisema pua moja, mng'ao mmoja. Siku familia mbili zilipojulishana, Élise alikaa mbele ya wageni wa Beni mkono shavuni, kama mtu anayeumwa jino.

"Banasema, funika hiyo uso, usituletee aibu," alisema Élise.

"Wamekuambia hivyo?"

"Hapana. Mais nimeelewa."

Koko alirudi kwenye maharagwe yake. Hakupenda kubishana na mtu ambaye machozi yake yako karibu. Na alijua shida zilikuwa mbili. Élise asipojipaka, wifi atauliza zawadi yake iko wapi, na ndoa itaanza na kinyongo. Akijipaka na rangi ikashindwa na mafuta ya ngozi yake, itashindwa mbele ya kanisa zima la wakwe.

Jumapili Élise akaijaribu. Alinawa kwa sabuni, akajikausha vizuri, akatoa tone moja mgongoni mwa mkono, akaligongagonga usoni kwa sifongo yenye unyevu. Rangi ilikuwa nyeupe kidogo kuliko yeye, kwa hiyo akaivuta mpaka shingoni. Alama zikafifia. Siku hiyo Butembo ilikuwa kama kawaida yake, ukungu asubuhi, manyunyu mchana, watu wamejifunga makoti. Élise alikwenda misa, akapika, akafua, na jioni uso ulikuwa bado umekauka vizuri.

"Koko, angalia! Inashika!" Aliruka jikoni kama mtoto.

Koko alimtazama kwa furaha, kisha akasema taratibu, "Imeshika Butembo."

Élise akasimama. Alielewa papo hapo. Beni iko chini, joto lake si la mchezo, na ndoa ingekuwa mchana, ndani ya kanisa la mabati. Angekwenda kujaribu huko, lakini mbuzi wa mahari walikuwa wamekwisha kupokelewa. Kwa desturi ya familia yao, msichana wa namna hiyo hakanyagi kwa wakwe mpaka siku shangazi zake wanapompeleka, na kwao Beni nzima ilihesabika kuwa kwa wakwe.

"Donc nimekwisha," alisema Élise.

"Hujakwisha. Ngozi yangu njo yako. Nipake mie."

"Koko!"

"Siku nyingi sijamusalimia Kavira. Nitamusalimia nikiwa murembo."

Kavira alikuwa mdogo wake Koko, aliyeolewa Beni zamani. Élise alicheka mpaka akashika mlango. Lilikuwa cheko la kwanza tangu chupa ile iingie nyumbani.

Asubuhi ya safari walikaa dirishani. Koko alinyoosha mkono kuchukua kopo la mafuta, maana kwa baridi ya Butembo hakuna anayetoka bila kujipaka, lakini Élise akalisogeza mbali.

"Leo hapana mafuta, Koko. Yako yanatosha."

"Na unanigonga hivyo, unanipaka ao unaniamsha?"

"Tulia. Usicheke, itaingia mu makunyanzi." Élise akarudi nyuma kutazama. "Mmm. Unafanana na mutu ametoka kusaga mihogo."

"Basi watanipisha mbele."

Na kweli dereva wa taksi alimpa kiti cha mbele. Alimtazama mara moja tu, akafuta kiti kwa kitambaa, hakuuliza kitu, na Koko akauweka wema huo moyoni. Kwenye barera, kizuizi cha barabarani, askari aliomba vitambulisho. Alitazama picha ya karata yake ya kura, akatazama uso, akarudi kwenye picha.

"Mama, huyu ni wewe?"

"Ni mie, papa. Leo niko najaribu kitu."

Askari aliuma midomo asicheke, akamrudishia karata yake kwa mikono miwili.

Barabara iliteremka na joto likapanda. Koko alianza kuhisi kitu kinatembea kwenye paji la uso, kisha pembeni mwa pua. Alipofika uani kwa Kavira, mdogo wake alimkumbatia, akamwachia, akamshika mabega.

"Yaya, dada yangu, nani amekumwangia uji?"

Akamletea kioo. Pua ilikuwa imetoka yote, nyeusi na yenye kung'aa. Paji lilikuwa limepasuka kama tope la kiangazi, na kwenye mashavu rangi ilikuwa imejikusanya ndani ya makunyanzi, mistari miwili ya weupe mpaka kidevuni. Kavira alicheka mpaka akakaa chini. Koko naye alicheka, lakini moyoni alimwona Élise na uso huo, mbele ya wakwe.

Kabla hajapata maji ya kunawa, mtu akabisha hodi. Alikuwa Joyeuse, na nanasi mkononi. Jirani alikuwa amemwambia kwamba bibi yake Élise ameingia mjini, na isingekuwa heshima kungoja. Koko alishika ncha ya kitenge ajifunike, kisha akaiachia. Mkwe hasalimiwi na uso uliofichwa.

Joyeuse alipiga goti, akainua macho, akabaki hivyo.

"Koko, hii ni ile yangu?"

Ingekuwa rahisi kusema ni vumbi la njia. "Ni yako, mama," Koko alijibu. "Élise njo mwenye ngozi kama yangu. Nilikuya kuiuliza kama itaweza Beni."

"Na imekujibu nini?"

"Inaomba kurudi Butembo."

Joyeuse alicheka, lakini si kwa muda mrefu. Aliomba beseni na sabuni, akamkalisha Koko kivulini, akaanza kumnawisha mwenyewe, polepole, mpaka nyuma ya masikio ambako rangi haikuwa imefika.

"Koko, siku ya kujulishana nilimutazama Élise," alisema. "Chakula kilipita, hakukula. Mukono moja ilishika sahani, ingine ilikatala kutoka ku shavu. Nikasema, acha nimutafutie kitu, siku ya ndoa yake akule na batu."

Koko alifumba macho, sabuni isimwingie. "Yeye alisikia ingine, mama. Alisikia munamuambia ajifunike, asiwaletee aibu."

Mikono ya Joyeuse ikasimama. Kisha akaikausha kwenye nguo yake, akatoa simu, akaweka sauti wasikie wote.

"Wifi, ni mie Joyeuse. Niko na Koko yako hapa. Ile chupa yangu imekimbia uso yake yote."

Upande wa pili ikaja sauti ndogo: "Pardon, yaya wifi."

"Pardon ya nini? Usipake. Ni mie nilinunua bila kufikiri joto ya kwetu."

"Na batu wakiona alama zangu?"

"Alama? Tuliziona siku ya kujulishana, wifi. Tukarudi Beni, tukatafuta mbuzi. Mutu anayekatala uso, analeta mbuzi?"

Kavira akaziba mdomo. Joyeuse akatazama kama mtandao umekatika. Halafu wakamsikia Élise akivuta kamasi.

"Wifi," aliuliza, "siku ile sikukula... ilikuwa nyama gani?"

"Kuku."

"Basi siku ya ndoa uniwekee paja."

"Yote mbili," alisema Joyeuse, na Koko Adèle, maji yakimchuruzika kidevuni, akaomba taulo.