Maua Kwenye Meza ya Duara

Kwaru, kwaru, halafu kimya. Adelina alifumbua macho gizani akajua ni msasa: mumewe anafuta mchoro tena.

Akawasha kibatari. Nikodemu alikuwa amechuchumaa mbele ya meza ya duara ya mninga, nyusi zimejaa vumbi. Shirinbai mwenye duka alitaka maua ya kitambaa alichoshona marehemu mama yake yachongwe juu ya meza hiyo, na asubuhi hii angekuja Temeke kutazama mchoro. Asipoupenda, kazi ingekwenda kwa fundi mwingine, na Nikodemu angepanda lori la jioni kurudi Tanga kukata mkonge, miezi tisa mbali na Adelina na binti yao Eufrazia.

Kitambaani kila ua lilikaa ndani ya mraba wake, safu juu ya safu. Mezani safu ziligeuka duara ndani ya duara. Maua ya nje yalipendeza. Ya ndani yalikuwa membamba, yamebanana.

"Yamekonda kama sie kwenye mkonge," alisema Nikodemu.

"Umepima vipi?"

"Kila safu vidole vinne. Fundi gani anabadili kipimo katikati ya kazi?"

Adelina akacheka taratibu, asimuumize. "Hapo ndipo ulipokosea, Baba Eufrazia. Ukielekea kitovuni upana unapungua, urefu umeuacha palepale. Vipunguze pamoja. Mraba ubaki mraba, hata ukiwa kama ukucha."

"Ndiyo mnayofundishwa hayo kwenye darasa lenu la jioni?"

"Ndiyo. Mwalimu Gozbert anasema kuna namna ya kugeuza umbo, likakua au likazunguka, pembe zake zisivunjike. Hiyo ni pande zote zikizidishwa kwa namba moja. Zikiwa namba mbili, upana na urefu kila mmoja ukavutwa kwa kipimo chake, duara linaweza kuwa yai. Huko sijafika." Akasita. "Nitafika."

"Siku hiyo nitapika mie, mwalimu wangu."

Wakapigilia msumari katikati, wakafunga uzi, wakachora miale ishirini na minne toka kitovuni hadi ukingoni. Kila walipoingia ndani, Adelina alipima upana kati ya miale miwili, na Nikodemu akaupa urefu uleule. Jua lilipochomoza walikuwa wamefika kitovuni.

"Shikamoo, Shirinbai," alisema Nikodemu akimfungulia mlango.

"Marahaba." Alitandaza kitambaa kando, akapitisha kidole mezani toka ukingoni hadi kwenye ua dogo kuliko yote. "Nani kayapunguza haya?"

Nikodemu akamwonyesha mkewe kwa kidevu.

"Mie," alisema Adelina. "Pande zote sawasawa."

Shirinbai akavaa miwani, akainama muda mrefu. "Majani yamekaa vilevile alivyoyashona mama. Hata moja halikupinda." Akafuta jicho kwa ncha ya mtandio. "Chonga, fundi. Na viti vyake sita nitavitaka kwako."

Nikodemu akapangusa vumbi mikononi. Akaenda kwenye furushi lake la safari, akaanza kulifungua, mkeka ukajikunjua sakafuni. Eufrazia alimtazama toka mlangoni, uji umemganda mashavuni.

"Leo baba analala nyumbani," akamwambia mama yake.