Dole la Msimamizi

Asiyejua kinyaa ni nini na aje afue mashuka ya hoteli. Mimi nimeyafua miaka tisa. Nimeona damu, matapishi, na mengine nisiyoyataja kwa sababu huenda unakula. Lakini uchafu huo wote hutoka kwa maji ya moto na dawa ya madoa. Bosi wetu hatoki kwa chochote.

Tulimwita Marashi. Alijipulizia manukato mengi, hata aliyeko kwenye beseni la mwisho alijua bosi ameingia getini. Mahali petu pa kazi palikuwa chumba kirefu chenye mashine nne, mbili mbovu, na mabeseni ya saruji kwa ajili yetu wanawake saba, maana mikono yetu ilikuwa rahisi kuliko fundi wa mashine. Msimamizi wetu alikuwa mama yangu mdogo, mdogo wake mama, tumbo moja. Ndiye aliyenilea nilipokuwa mchanga, mama akiwa amelazwa mwaka mzima, na ndiye aliyeniingiza kazini. Yeye hakugusa maji. Alikuwa na glavu, jozi pekee mle ndani, na alizivaa kuhesabia taulo kavu.

Mshahara tuliupokea kwa dole gumba. Hata sisi tuliojua kuandika tulichovya kidole kwenye wino, kwa sababu Marashi alisema sahihi huigwa, dole halidanganyi.

Kisha mshahara ukakoma. Mwezi wa kwanza alisema hoteli hazijamlipa. Wa pili akasingizia benki. Wa tatu alikuja na gari jipya, akatuomba tusiliguse na mikono yenye povu. Alikuwa panya huyo, anauma huku anapuliza: leo sisi ni dada zake, kesho anatuonyesha mlango. Mimi nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi mitano, na binti yangu alisharudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Mwezi wa saba ulipoisha tukaacha kazi, tukaenda kwa afisa kazi.

Afisa alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitusikiliza, akamwita Marashi, na Marashi akaja na bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi za mishahara za miezi yote saba, na mbele ya kila jina alama ya dole gumba, safi kabisa. Wenzangu wakaanza kuapa na kulia. Mimi nilizitazama zile alama nikacheka, kicheko cha uchungu. Zilikuwa nzuri mno. Kila mstari ulionekana.

Sisi hatuna mistari. Dawa ya madoa imeshaila. Mwaka uliopita nilikwenda kusajili laini ya simu, mashine ikakikataa kidole changu mara kumi na moja, mpaka muuzaji akaniuliza kama kweli mimi ni mzima au nimefufuka. Basi nikamwomba afisa wino, nikabonyeza dole langu kwenye karatasi tupu. Likatoka doa jeusi, laini kama tone la lami. Wenzangu nao wakabonyeza, yakatoka madoa sita.

“Dole halidanganyi, bosi,” nilimwambia Marashi.

Aliomba dirisha lifunguliwe, eti kuna harufu ya sabuni.

Hapo ndipo nilipoinama nikatazama vizuri. Alama ilikuwa ni ileile moja, imerudiwa mara arobaini na tisa, na katikati yake lilipita kovu la mshazari. Kovu lile nalijua. Mama mdogo alikatwa na mfuniko wa kopo akinifungulia maziwa nikiwa mchanga, na kisa hicho nimesimuliwa kila nilipomkosea.

Afisa alitueleza sheria kwa sauti ya mtu aliyeisema mara nyingi. Mwajiri asiyelipa mshahara atatoa malimbikizo yote na faini juu yake, na asipotoa, jela. Aliyeghushi kumbukumbu za malipo ana kosa lake mwenyewe, hata kama alitumwa, ila anayejisalimisha mapema hupunguziwa. Akauliza kama kuna anayelitambua dole lile. Nikanyamaza. Nilijionea kinyaa, lakini nilinyamaza.

Mchana uleule nilikwenda kwa mama mdogo. Nilimkuta kibarazani anakata kucha. Nikamwambia kwamba dole lake limejulikana kwangu na kesho litajulikana kwa wengine, atangulie yeye aende akaseme aliamrishwa. Alinisikiliza huku akipuliza vipande vya kucha vilivyomwangukia mapajani.

“Bosi hawezi kuniacha,” alisema. “Laiti ungejua alichoniahidi.”

“Amekuahidi nini?”

“Nitakuwa meneja.”

“Meneja wa nani, mama mdogo? Sisi wote tumeshaondoka.”

Alinifukuza. Niliondoka na hasira zangu.

Siku ya kesi aliitwa kama msimamizi wetu, akaja amefunga bandeji kwenye dole gumba. Hakimu, mzee mkavu asiyependa hadithi, akaamuru ifunguliwe. Dole lilikuwa bichi, limechunika, jekundu huku na jeupe kule, linatoa maji. Alikuwa amelitumbukiza kwenye dawa ya madoa isiyochanganywa na maji, akalishikilia humo. Harufu ilitufikia kwenye benchi, harufu yetu ileile ya kila siku. Sisi mistari yetu iliondoka kwa miaka, tukitafuta riziki. Yeye aliunguza yake kwa siku moja, kwa ajili ya mtu ambaye saa hiyo alikuwa ameziba pua kwa kitambaa chenye manukato.

Wala kuliunguza hakukumsaidia. Afisa kazi alikuwa ameshaomba alama za vidole vya wote waliofanya kazi kwa Marashi, kutoka kule zinakotolewa kadi za vitambulisho. Dole la mama mdogo lilikuwa huko tangu zamani, na kovu lake.

Marashi akasimama, akafunga kifungo cha koti. Alimwambia hakimu kwamba yeye pesa alizitoa zote, akamkabidhi huyu mama awalipe wenzake, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Nikamtazama mama mdogo, nikingoja afungue kinywa. Hakimu akamuuliza kama ndivyo ilivyokuwa.

“Ndivyo,” alisema, ameinamisha kichwa.

Mate yakanigeuka machungu mdomoni.

Hakimu hakudanganyika. “Deni la mshahara ni la mwajiri,” alisema. “Ukimtuma mtu na pesa akazila, umezila wewe.” Akampa Marashi siku thelathini awe ametulipa yote, na faini ya kulipa siku hiyohiyo, la sivyo kifungo cha mwaka. Mama mdogo akapewa faini ya kadiri ya mshahara wa miezi minne wa mmoja wetu, au kifungo cha miezi mitatu.

Marashi, ambaye kwa miezi saba hakuwa na hata nauli ya kutupa, alikwenda kwenye gari akarudi na noti zikiwa bado na karatasi za benki. Alilipa kwenye dirisha la mahakama faini ya kichwa chake tu. Mama mdogo alipitishwa nyuma yake akiwa na pingu, akageuza shingo kumtazama. Yeye alikuwa anahesabu chenji.

Siku ya ishirini na tisa tulilipwa. Karani alinisogezea wino, nikamwomba kalamu.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa ameshakaa kitini ananisubiri. Damu nzito kuliko maji, alisema, na akanikumbusha kopo la maziwa. Sikubishana naye. Nililipa ada, nikalipa kodi ya miezi miwili kati ya ile mitano, zilizobaki nikazifunga kwenye kanga. Zilitosha kumtoa. Asubuhi nikazichukua na kichupa cha dawa ya kupaka, nikaenda gerezani.

Aliletwa nyuma ya waya. Alikuwa amekonda. Dole lilikuwa limeanza kupona, ngozi mpya ya waridi, laini, haina mstari hata mmoja. Sasa tulikuwa sawa. Nilikuwa nimeshaanza kulifungua fundo la kanga.

“Bosi hajambo?” aliniuliza.

Nikamwambia mzima wa afya, ameshapata msimamizi mwingine.

“Wa muda tu huyo,” alisema. “Mimi ameniwekea nafasi yangu. Wewe ndiye uliyemharibia jina, baba wa watu. Ukitoka hapa nenda ukamwombe radhi.”

Nikalikaza fundo, nikampa askari kile kichupa ampelekee, nikaaga vizuri kama mtu aliyelelewa. Dirisha la kulipia faini liko palepale gerezani, kwenye njia ya kutokea. Lilikuwa wazi, halina foleni. Nilipita.