Mbegu ya Fundi

Saa mbili asubuhi, siku ya saba tangu mayai yaingie kwenye mashine, mpima mayai alifunga mlango wa chumba cha giza, akawasha taa yake ndogo, akaanza na trei ya kwanza. Kazi yake ilikuwa moja tu: kushika yai mbele ya taa na kutazama kama lina uhai. Lenye mishipa hurudi kwenye mashine, lisilo na kitu huenda jikoni. Asubuhi hiyo aliona mishipa, akaona moyo unadunda, akaona na kichwa. Kila kichwa kilikuwa na jicho moja. Alimaliza trei kumi na mbili, akaandika kwenye daftari kwamba mayai yana uhai, akaenda kunywa chai.

Mpima mayai alimjua baba yao. Alikuwa Chongo, jogoo wa marehemu mumewe, ambaye alikuwa fundi wa mashine za kutotolesha vifaranga pale shambani. Chongo alipoteza jicho kwenye ugomvi wa ujanani na hakuwa na thamani sokoni, ila mitetea walimpenda. Wiki ya mazishi ya fundi, mwenye shamba, bosi wao, aliagiza Chongo achinjwe, akawapikia wageni waliomletea majogoo weupe kutoka ng'ambo. Miezi mitano ilikuwa imepita tangu siku hiyo.

Fundi mwenyewe aliuawa na umeme, na umeme haukujileta. Waya wa mashine kubwa ulikuwa unatoa cheche, na fundi alikwenda kuzima swichi. Bosi, aliyesimama mlangoni, akamwambia atengeneze hivyo hivyo, maana mayai yako siku ya kumi na nane na yakipoa yatakufa. Mpima mayai alikuwepo, trei mikononi, akasikia. Yeyote aliyewahi kufuga anajua kwamba kuku anayeatamia huondoka kwenye kiota, akala, akanywa, akaoga vumbi, na mayai humngoja. Fundi alihitaji dakika kumi. Vifaranga walitoka wote salama, na kwenye ripoti bosi aliandika kwamba fundi alikuwa amelewa.

Fundi hakuwa mnywaji. Soda tu ilimtia kwikwi. Lakini ripoti ilibandikwa ubaoni, ikasomwa, ikatembea. Mama yake fundi aliacha kwenda harusini na misibani, kwa sababu kila alikoenda palikuwa na mtu wa kumpa pole kwa yule kijana wake mlevi.

Vifaranga mia tisa walipoangulika, wote chongo, bosi alimwita daktari wa mifugo. Daktari alifudikiza ndoo, akaikalia, akatazama banda kwa nusu siku. Aliona majogoo weupe wakiwapanda mitetea. Aliona mitetea wakiinuka, wakijikung'uta mara mbili, na kuitema ile mbegu kwenye maranda.

"Hawawataki," akasema. "Jogoo kazi yake kupanda. Mtetea ndiye anayeamua mbegu ya nani ifike kwenye yai. Ana vifuko vya kuitunzia humo ndani."

"Anaitunza muda gani?"

"Wiki mbili. Tatu zikizidi."

"Huyo jogoo nilimla miezi mitano iliyopita."

"Basi hawa wana kinyongo," akasema daktari, akaandika dawa ya minyoo.

Bosi akabadilisha majogoo. Wakaletwa wekundu, wakaletwa weusi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na hao walikuja na kamba zao wakaondoka nazo. Vifaranga waliendelea kutoka na jicho moja. Walikuwa na afya na walikua upesi, kwa hiyo wanunuzi wakawazoea. Aliyeumia ni bosi peke yake, maana alikuwa mtu wa kuamini damu. Ofisini mwake palikuwa na picha ya babu yake na picha ya baba yake, wote na pua moja ndefu, na nafasi iliyobaki ukutani ilikuwa ya mtoto ambaye hajazaliwa. Mke wake wa kwanza alichoka kuangaliwa tumbo, akaenda zake.

Kila siku baada ya kazi mpima mayai aliegemea wavu wa banda na kuwatazama wale mitetea. Hakuwa anashangaa, alikuwa anasoma. Alimchukia bosi kwa chuki safi isiyo na haraka, na mpaka hapo hakujua aipeleke wapi. Mwaka wa msiba ulipotimia, bosi alimwita ofisini akamwambia kwamba mjane kijana hapendezi kukaa peke yake. Mpima mayai alikubali kabla bosi hajamaliza kusema.

Mama mkwe alipopewa habari aliweka sindano chini.

"Mwanangu, unakwenda kulala na mtu aliyemuua mumeo?"

"Nakwenda kuzaa, mama."

"Kumzalia nani?"

"Wewe. Wajukuu."

"Basi usinisahau siku ya kuogesha mtoto," akasema bibi, akaokota sindano yake.

Ndoa ilikuwa kama ndoa nyingine. Mke alipika, alipima mayai, na aliendelea kumwita mumewe "bosi", jambo ambalo bosi alilipenda. Alasiri, bosi alipomaliza haja yake na kugeukia ukutani, mke aliinuka, akajikung'uta mara mbili, akaenda kuanua nguo. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini bosi hakuwa mtu wa kukagua nguo.

Mtoto wa kwanza alikuwa wa kike, mwenye masikio ya fundi, yaliyochomoza kama vishikio vya sufuria. Kwenye kiganja cha kulia alikuwa na mstari mweusi wa kuungua, pale ulipopita waya. Bibi alimwogesha, akakibusu kile kiganja, akasema, "Wetu huyu." Wa pili alikuja na masikio yale yale na mstari ule ule. Hapo bosi akaenda hospitali na mate ya watoto kwenye chupa mbili.

"Baba yao ni marehemu," akasema daktari wa damu.

"Alikufa miaka minne iliyopita."

"Majibu hayajui mambo ya kufa, mzee. Mkeo ana ghala lake, na ufunguo anao mwenyewe." Akamwita mgonjwa mwingine.

Bosi alirudi nyumbani, akakaa mezani bila kuvua viatu.

"Unanifanyia kusudi," akamwambia mkewe.

"Ndiyo, bosi."

"Unataka nini?"

Alikuwa amelisubiri swali hilo miaka mitatu. Akamwekea karatasi na kalamu. "Andika ulichomwambia pale mlangoni. Kwamba alitaka kuzima umeme, ukamkataza. Kwamba hakuwa amelewa. Mimi nitaibandika ubaoni, na mtoto atakayefuata atakuwa na pua yako."

Bosi aliishika kalamu. Akaandika tarehe. Akaandika "Mimi". Mke alisimama nyuma yake, akimwomba Mungu kwa ajili ya neno la pili. Bosi alilitazama lile la kwanza kwa muda mrefu.

"Nikiendelea hapa, nitakuwa nimeua mtu," akasema.

"Umeshaua, bosi."

"Kwa sasa sijaua." Akakunja karatasi, akaichana vipande vinne. "Nina mke, nina shamba, nina watoto wawili. Kitanda hakizai haramu. Nipe chakula."

Mke akampakulia. Alikuwa amejua siku zote kwamba bosi ni mwovu. Hakuwa amejua kwamba kulea watoto wa fundi angeona ni bei nafuu kuliko kukiri.

Akaja wa tatu. Wa nne alipozaliwa, bosi mwenyewe aliwachukua wote, pamoja na bibi yao, kwenda kumwandikisha. Siku hizi alijua kubeba mtoto, na watoto walimkimbilia wakimwita baba, naye akiitika. Masikio yao hakuyaona tena, kama asivyoona tena jicho la kuku. Karani aliuliza jina la baba, bosi akataja lake, akatia sahihi palipokuwa na nafasi, haraka, bila kusoma.

"Mzuri kweli," akasema karani. Akakifunua kiganja cha mtoto, akauona mstari, akakikunja. "Kafanana na nani?"

"Na fundi wetu mmoja wa zamani," akasema bosi, akimfuta mtoto mate kwa leso yake. Hakusema kwa hasira. "Alikuwa mlevi."

Binti mkubwa, mwenye miaka sita, aliyapenda maneno hayo jinsi yalivyokaa mdomoni. Akatoka nayo nje, akiruka ngazi mojamoja, akiyaimba kwa sauti ya baba yake, fundi mlevi, fundi mlevi. Bibi yake alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mwisho, na beseni jipya la kumwogeshea mtoto, alilolinunua njiani, magotini.