Bluberi Mwitu ya Bridget

Wiki ile aliyokula kiapo cha uraia wa Uingereza, Bridget aling'oa sukuma wiki yote ya mumewe nyuma ya nyumba yao, mtaa wa Walthamstow, London. Harrison alirudi kutoka zamu ya kuendesha basi akakuta, mahali pa mboga zake, kichaka kifupi kama fagio lililochakaa.

"Hiki ni nini?"

"Bluberi mwitu. Mmea wa asili wa nchi hii. Kikundi chetu hakitaki mimea ya kuja."

Harrison, ambaye mwenyewe alikuja kwa ndege mwaka wa tisini na tisa, aliingia ndani kuvua viatu.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha majirani saba wapenda mimea, wakiongozwa na mzee mpole aitwaye Jules. Bridget alijiunga mwezi wa Machi. Kufikia Aprili alikuwa akiwasahihisha wenzake. Alikuwa muuguzi, na kichaka alikihudumia kama mgonjwa wa wodini kwake: asubuhi maji ya bomba, jioni maji ya bomba, Jumamosi mbolea ya kuku na majivu ya makaa, kwa kuwa majivu ndiyo yaliyonenepesha migomba ya mama yake kule Kisii. Juni ilipofika majani yalikuwa manjano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani.

Pushpa, mama yake Hemal, jirani mzaliwa wa Kisumu, alichungulia juu ya ua.

"Bridget, hii mti unaiua. Inataka udongo wa asidi, na majivu inaondoa asidi. Hata maji ya bomba ya Landani imejaa chokaa, angalia birika yako vile imeganda nyeupe. Mimi niko na pipa la maji ya mvua. Kuja uchote."

"Asante, Mama Hemal, lakini mimi jambo hili nimelisomea."

Alikuwa amelisomea kwenye simu, ndani ya basi, kati ya kituo cha tatu na cha saba.

Julai, Jules alitangaza kwamba kikundi kingetembelea bustani ya Bridget kuonja matunda. Bridget akahesabu matunda yake: hakuna hata moja. Ijumaa alikwenda sokoni akanunua kibakuli cha bluberi nono. Jumamosi asubuhi, kwa mikono iliyoshona majeraha ya watu wengi, akayafunga matunda ishirini na sita kwenye vijiti, moja moja, kwa uzi wa kijani.

Wageni walistaajabu. Jules akachuma tunda, akaling'ata nusu, akatazama nusu iliyobaki. Kipande cha uzi kilining'inia mdomoni mwake.

"Ajabu," alisema kwa adabu. "Bluberi mwitu ya hapa ni ndogo, na ndani ni zambarau tupu. Hii ni nyeupe. Labda imechanganyika na mbegu nyingine?"

"Haijachanganyika," Pushpa alisema kutoka ng'ambo ya ua. "Hiyo imetoka Hispania. Jana nilikuwa nyuma yake kwa foleni."

Bridget aliingia jikoni akajifungia. Chai aliandaa Harrison, na haikuonekana kama kazi hiyo ilimchosha.

Kesho yake, baada ya kanisa, Bridget alisimama mlangoni kwa Pushpa na ndoo mkononi.

"Lile pipa bado lina maji?"

"Liko. Lakini kwanza tuitoe kwa hayo majivu."

Wakakihamishia kichaka ndani ya chungu, katika udongo wa asidi uliochanganywa na majani makavu ya msonobari, wakawa wanakinywesha maji ya mvua tu, kidogo kidogo. Septemba kikachipua kijani. Kiangazi kilichofuata kikazaa matunda saba, madogo na meusi.

Jules akamwomba Pushpa awafundishe wanakikundi. Bridget alikaa kiti cha mbele, na kila yalipotajwa maji ya mvua aliwageukia wenzake akawaeleza kwa kirefu jinsi alivyoyagundua. Pushpa alimwacha aseme, akaendelea kunywa chai yake.